Mwakio wa Chemba na Neno Lililokosewa

Historia ya maisha ya marehemu Gibson Mwakio Mwadime, iliyosomwa kanisani Acocks Green, Birmingham, Ijumaa tarehe 24 Oktoba 2025, na shemeji yake Kamau, kwa niaba ya familia

Mchungaji, wazee, ndugu wa Taita na wa Kiambu, wenzetu wa melini mliosafiri tangu jana, majirani, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza mpendwa wetu, familia inawasalimu na kuwashukuru kwa kufika, na inaomba radhi mapema kwa mambo mawili, la kwanza kwamba historia hii ni ndefu kuliko zile za hapa Birmingham zinazokwisha kabla kiti hakijapata joto, na la pili kwamba anayeisoma ni kaka wa mjane, mtu wa Kiambu, ambaye Kiswahili chake marehemu alikisahihisha kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuona matunda. Angekuwepo angeisoma mwenyewe, na r na l zingekaa mahali pake. Kuhusu yale maua mliyoyaona kwenye gari la jeneza, ambayo yamewafanya wengine kunong'onezana tangu asubuhi, tulieni, tutayafikia, kwa sababu hayawezi kuelezwa kabla ya meli, na meli haiwezi kuelezwa kabla ya mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Werugha, katika milima ya Taita, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Josephat Mwadime, mwashi, na Mama Eunice, ambaye yuko hai, ana miaka themanini na minne, na anatusikiliza wakati huu kwa simu iliyoshikwa na mjukuu wake, Mama, shikamoo. Werugha ni baridi, mwezi wa Saba watu hulala na sweta, na ndiyo maana marehemu alipofika nchi hii na kuhurumiwa kwa baridi, alikuwa akijibu kwamba hii ya huku bado ni mtoto. Jinsi mtu wa milimani alivyokuja kuwa mtu wa bahari ni jambo lililomshangaza hata babake, lakini mamake anasema lilianzia kwenye bwawa la kijiji, ambamo ndoo za akina mama zilikuwa zikiwaponyoka na kuzama, na Gibson, akiwa na miaka minane au tisa, ndiye aliyetumwa kuzifuata, anajaza pumzi, anazama, anakaa huko hadi watu wanaanza kuitana, kisha anaibuka na ndoo kichwani, na badala ya asante anapata bakora kwa kuwatia watu hofu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Werugha kuanzia Januari 1978 hadi Novemba 1985, akawa katika kundi la kwanza kabisa kufanya mtihani wa KCPE, kisha akaendelea na sekondari Wundanyi, na mwaka 1989 akawa tena katika kundi la kwanza la KCSE, hivyo alikuwa na desturi ya kusema kwamba serikali ilimfanyia majaribio mara mbili kabla hajaingia jeshini, na alipofika jeshini akaona ni pumziko. Alifaulu vizuri hesabu na fizikia, akaanguka kilimo, jambo ambalo kwa mtoto wa Werugha, kunakolimwa mboga hadi ukingoni mwa barabara, ni aibu kubwa, na hakulificha.

Mwezi Mei 1991 aliandikwa katika Jeshi la Wanamaji, kambi ya Mtongwe, Mombasa, akafunzwa upigaji mbizi, akaifanya kazi hiyo hadi Juni 2000, alipoondoka kwa heshima baada ya ngoma ya sikio lake la kushoto kupasuka mara ya pili. Mara ya kwanza ilipasuka Agosti 1997, na hiyo ndiyo iliyompeleka hospitali moja ya Mombasa na kumkutanisha na mwanafunzi wa uuguzi aitwaye Peninah Wanjiru, binti wa Kiambu, ambaye kwa kuwa mgonjwa hakuwa anasikia vizuri, alilazimika kumpigia kelele, hata wodi nzima ikajua anaitwa nani, anaishi wapi, na kwamba Jumapili huwa ana nafasi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Desemba 2000, hapo hapo Mombasa, na familia ya Kiambu, msomaji akiwa mmoja wao, ilikwenda harusini na maswali mengi juu ya Mtaita asiye na shamba, ng'ombe wala kazi, ikarudi nyumbani ikimpenda, kwa sababu alimgeuzia kila mtu sikio lake moja zima na kumsikiliza hadi mwisho.

Peninah alitangulia kuja Birmingham mwezi Julai 2002, aliposajiliwa kuwa nesi, na marehemu akamfuata tarehe 3 Februari 2003, wakaishi Nechells, katika ghorofa iliyotazamana na maghala, na ghala mojawapo likampa kazi yake ya kwanza huku, kupakia maboksi ya vigae. Mtoto wao wa kwanza, Tevin, alizaliwa tarehe 19 Mei 2004, na wa pili, Rita, tarehe 2 Novemba 2008, baada ya familia kuhamia hapa Acocks Green, karibu na stesheni ya treni, na ukaribu huo haukuwa wa bahati, kwa maana marehemu alikuwa ameshapata kazi ya kuondoka na kurudi na begi moja, wiki kadhaa baharini, wiki kadhaa nyumbani, kwa miaka kumi na minane. Watoto wote wawili wanakielewa Kiswahili na kukijibu kwa Kiingereza, na marehemu alikuwa akisema si neno, mradi wanajibu.

Kazi hiyo aliianza Januari 2007, baada ya kuisomea Scotland, katika meli iitwayo Wenlock, na hapa familia ingependa kusahihisha jambo lililosemwa Taita, likasemwa Kiambu, na likaandikwa hata kwenye tangazo la kifo lililozunguka WhatsApp, kwamba marehemu alikuwa akiishi ndani ya nyambizi. Marehemu hakuwahi kukanyaga ndani ya nyambizi hata siku moja. Wenlock ni meli ya kuwaokoa watu wa nyambizi, inakaa juu ya maji kama meli nyingine yoyote, ina jiko, ina kanisa la kona moja, ina mashine ya chai ambayo marehemu aliitengeneza mara nyingi kuliko mashine nyingine zote za mle. Nyambizi ikishindwa kupanda na kulala chini baharini, waliomo hawawezi kufungua mlango na kuogelea, basi meli hii huja na kusimama juu yake, haitii nanga, injini zake zenyewe huishikilia mahali pamoja, kisha winchi kubwa ya nyuma hushusha chombo kidogo cha kuzamia, ambacho chini yake kina kitu kama kikombe kilichofudikizwa, wenyewe wanakiita sketi, na sketi hiyo hukaa barabara juu ya kifuniko cha nyambizi, maji yaliyomo yakafyonzwa, na uzito wa bahari ukaibana isichomoke. Hapo, kabla hakijafunguliwa chochote, kifuniko hugongwa kwa nyundo na watu wakasubiri kujibiwa, na marehemu alikuwa akisema Wazungu walisoma sana hadi wakagundua hodi.

Lakini yeye kazi yake haikuwa huko chini. Alikuwa mlinzi wa chemba, lile tangi la chuma lililolala kwenye sitaha, refu kama basi dogo, lenye vitanda, choo, kidirisha cha kioo kinene kama Biblia, na kitundu chenye milango miwili cha kupitishia chakula, kwa sababu watu wanaotolewa kwenye nyambizi iliyoharibika huwa wamekaa katika hewa iliyobanwa, na hewa hiyo imeshaingia katika damu, hivyo wakitolewa nje kwa mara moja damu hufanya povu, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa, ganzi inaanza miguuni, yanafuata maumivu, na wengine hawafiki jioni. Kwa hiyo huhamishwa kutoka chombo kile hadi chembani bila kuonja hewa ya nje, wakakaa humo, siku mbili, pengine zaidi, na mlinzi akakaa nje dirishani, mkono kwenye vali, akiipunguza ile hewa kidogo kidogo. Wameshaokoka, wako juu ya maji, wanawaona kwa dirisha watu wakinywa chai, na bado hawawezi kutoka. Marehemu alikuwa na msemo wake kwamba kushuka unaweza kushuka kwa fujo, lakini kupanda ni kwa adabu, na alipoutumia nyumbani juu ya watoto na ngazi hakuna aliyemwelewa.

Katika miaka hiyo yote Wenlock haikuitwa hata mara moja kwenye nyambizi iliyozama kweli, jambo ambalo marehemu alimshukuru Mungu kwalo, ingawa dada yake, Wakesho, ambaye amekuja kutoka Voi na amekaa nasi hapa mbele, alimwuliza siku moja kama analipwa kwa kungoja, naye akajibu kuwa walinzi wote duniani hulipwa kwa kungoja. Mazoezi lakini hayakukosekana, na katika zoezi la Oktoba 2013, kwenye bahari ya Norway, mabaharia sita wa nyambizi walijitolea kuwekwa katika hewa iliyobanwa kama watu waliokwama, wakahamishiwa chembani, na wakiwa humo, mlango umefungwa, ikaja habari kwa redio kwamba mmoja wao, mpishi, bwana mnene wa makamo aliyependwa na wote, amefiwa na babake asubuhi ile. Mkuu wa zamu alikuwa Bi Kiran, binti wa Longbridge, ambaye babake alifunga milango ya magari kiwandani pale kabla pale hapajawa maduka, naye yuko nasi leo, na aliamua mpishi aambiwe ukweli. Mpishi alipoambiwa alivaa viatu, akasema asante, sasa nifungulieni. Hakuweza kufunguliwa, ilikuwa imebaki siku nzima na nusu. Alipiga mlango kwa ngumi, akavua kiatu akaupiga kwa kiatu, wenzake wakamshika, akawashinda, na aliyekuwa nje dirishani, mkononi simu ya kuzungumza na waliomo, alikuwa marehemu.

Marehemu alikijua Kiingereza, lakini alimwambia Peninah baadaye kwamba siku ile kilimwishia, kwa sababu alichokuwa nacho ni sorry, na sorry ni neno la mtu aliyekukanyaga mguu. Kwa hiyo akasema la kwao, akasema, "Pole," akasema tena, "Pole sana, ndugu yangu. Pole. Pole." Sasa yule mpishi, likizo moja ya miaka ya nyuma, alikuwa amepanda Kilimanjaro, na wapagazi walimwimbia neno hilo hilo kutoka getini hadi kileleni, pole pole, yaani usikimbie, mlima utakuua, na alipolisikia kwenye simu alisimama na kiatu chake, akachungulia dirishani, akauliza, "Pole pole?" Marehemu, ambaye hakuwa akimwambia aende taratibu bali alikuwa akimpa pole ya msiba, alimtazama, akaona kiatu kimeshuka, akasema, "Ndiyo. Pole pole." Mpishi akaketi kitandani. Marehemu hakuondoka dirishani hata zamu yake ilipokwisha, na kila mpishi alipoinua kichwa waliambiana neno lile, mmoja na maana yake na mwingine na yake, hadi mlango ulipofunguliwa.

Tangu hapo neno likawa la meli. Liliandikwa kwenye utepe mweupe ukabandikwa juu ya vali ya chemba, POLE POLE, likatumika kwenye winchi, kwenye ngazi zenye barafu, kwenye chai ya moto, na marehemu hakulisahihisha. Peninah alimcheka, akamwambia amejigeuza mpagazi wa watalii, "Si uwaambie tu ulimaanisha nini?" naye akajibu kwamba mtu akikosea na kosa likamfaa, aachiwe kosa lake. Jambo moja tu ndilo alilolishikilia, kwamba mlango wa chemba ukifunguliwa mtu asipige makofi, wala asimrukie anayetoka kwa kumkumbatia, apewe chai, akae hapo karibu, aulizwe tu kama anasikia ganzi mahali, na Bi Kiran anasema hiyo imebaki sheria mpaka leo.

Ugonjwa ulianza Februari mwaka huu wa 2025, kwa maumivu ya mgongo, marehemu akavilaumu vitanda vya meli, na tarehe 11 Machi, siku tatu kabla ya kutimiza miaka hamsini na minne, madaktari walisema ni saratani ya kongosho na kwamba imeshasambaa. Peninah, ambaye kwa kazi yake amekaa na watu wengi wakipewa habari za namna hiyo, aliuliza maswali yote yanayotakiwa, akayashika majina ya dawa, akaendesha gari hadi nyumbani, akapika. Alimuuguza nyumbani hadi mwisho wa Septemba, kisha marehemu akahamishiwa ile nyumba ya kuwatunza wagonjwa waliofika mwisho, wenyewe wanaiita hospisi, na huko miguu yake ikavimba, hata Jumamosi tarehe 4 Oktoba Peninah akaenda madukani Longbridge kumnunulia slipa za manyoya, namba kumi na mbili, kwa kuwa zile zake za namba tisa zilikuwa hazipandi tena na zilishatupwa. Hakuwahi kuzivaa. Aliaga dunia Jumatatu tarehe 6 Oktoba 2025, saa nane mchana, mkewe na watoto wake wakiwa kando ya kitanda, na Peninah alimfumba macho, akakunja blanketi, akaosha vikombe viwili vilivyokuwa juu ya kabati, akauliza kama kuna mtu anahitaji kiti.

Siku iliyofuata, nyumba ikiwa imejaa watu, Peninah alivaa koti akatoka bila kuaga, akarudi jioni na mfuko wa duka. Jambo hili limesemwa sana, limesemwa jikoni, limesemwa kwenye WhatsApp, limefika Voi kabla Wakesho hajapanda ndege, kwamba mjane hajatoa hata tone la chozi, na mumewe hajapoa vizuri yeye yuko shopping. Kwa hiyo Peninah ameruhusu msomewe kilichokuwa ndani ya mfuko. Alikuwa amezirudisha zile slipa za namba kumi na mbili, akapanga foleni, na msichana wa dukani alipomwuliza zina kasoro gani alimjibu kwamba hazina kasoro, ila uvimbe wa mume wake sasa utakuwa umeshuka, akabadilishiwa, akapewa namba tisa. Alirudi nazo akaziweka mlangoni, mahali pake. Rita ndiye aliyeziona, akasoma namba, akamtazama mamake, na mamake akamwambia, "Zitamtosha sasa." Rita hakujibu kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Ziko pale mlangoni hadi leo, na familia inaomba asizisogeze mtu, hata kwa kufagia.

Katika wiki hizi mbili na nusu Peninah amekaribisha wageni, amejibu simu, amechagua jeneza, amekubaliana na Mama Eunice kwamba marehemu azikwe hapa, karibu na watoto, kama alivyoomba mwenyewe, na hajalia. Hajakataa kulia. Amesema anasikia kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, anajua ana mdomo, anauona kwenye kioo, lakini haumhusu. Juzi Wakesho alimkalisha jikoni, akamshika mabega, akamwambia, "Lia, wifi yangu. Lia utoke huko uliko. Ukikaa hivi watu watasema hukumpenda," na Rita, aliyekuwa akikausha sahani, akasema, "Auntie, please, just leave her, she's not ready," na Wakesho, ambaye naye amefiwa na kaka yake, akalia yeye. Hata hivyo akina mama walikuwa wameshapanga, kwa wema kabisa, kwamba leo hapa kanisani jeneza litafunguliwa, Peninah atashikwa mkono huu na huu, ataletwa mbele, na atatazamishwa mpaka alie, ili msiba usije ukamkalia moyoni. Yeye aliambiwa, na hakusema ndiyo wala hapana, alisema tu mandazi yaongezwe.

Hali ilikuwa hiyo asubuhi ya leo wakati gari la jeneza lilipofika nyumbani na maua. Wenzake wa melini, Bi Kiran akiwaongoza, walitaka kuipa familia pole kwa lugha yetu, wakatumia neno walilofundishwa na marehemu mwenyewe, na wakaagiza zile herufi kubwa za maua meupe ambazo watu wa hapa huandikia DAD na MUM, zikapangwa kwenye kioo cha gari, P, O, L, E, na tena P, O, L, E. Gurpreet, anayeliendesha gari hilo, alivua kofia akamwuliza Tevin, kwa heshima zote, "Polish, was he, your dad?" kwa sababu kwa Kiingereza neno hilo ndilo jina la mtu wa Poland, na Tevin akamjibu, "No, mate. Taita." Mama mmoja wa kwetu, tusimtaje, yuko hapa, akasema kwa sauti, "Kwani wanaambia driver asi-speed?" na wengine wakacheka kisha wakajishika midomo. Wakesho hakucheka. Alisema huu ni msiba si safari ya watalii, na Tevin alipomweleza Bi Kiran maana ya walichokiandika, kwamba neno moja lingekuwa pole ya msiba lakini mawili ni kumwambia mtu aende taratibu, Bi Kiran akabadilika uso, akaomba msamaha, akaanza mwenyewe kung'oa herufi nne za mwisho ili ibaki pole moja, iliyo sahihi.

Peninah alikuwa amesimama mlangoni, kando ya zile slipa. Alishuka hadi kwenye gari, akamshika Bi Kiran mkono, akasema, "Wacha zote mbili. Hiyo ya pili ni yangu." Halafu, hapo hapo barabarani, mbele ya Wakesho na ya Gurpreet na kofia yake, alisimulia habari ya mpishi, ambayo wengi wetu hatukuwa tumeisikia kamwe, ndiyo maana karatasi hii mnayoiona imejaa maandishi ya kalamu pembeni, na alipomaliza akamgeukia kaka yake akasema, "Waambie niko ndani bado, na wasinifungulie kwa nguvu." Hayo ndiyo aliyotuma, na yamesomwa kama alivyoyasema. Jeneza basi halitafunguliwa leo ila Peninah mwenyewe aombe, hatashikwa na mtu yeyote, na Wakesho, tunamshukuru, amekubali, na amesema atakaa upande wake wa kushoto bila kumwambia kitu.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomtibu marehemu tangu Machi, na wahudumu wa hospisi, waliomwita kwa jina lake la Mwakio na kulitamka vizuri. Inawashukuru majirani, walioleta chakula mpaka friji ya nyumba ya pili ikajaa, inawashukuru manesi wenzake Peninah, waliobeba zamu zake, inamshukuru mchungaji na akina mama wa kanisa hili, ambao mpango wao haukutoka ila penye upendo, na inawashukuru sana wenzake wa Wenlock, Bi Kiran, ulikuwa umepatia. Marehemu ameacha mama, ndugu, mjane mmoja, watoto wawili, na slipa zake.

Mtakapotoka mtapanga foleni kumpa Peninah mkono, na kila mmoja atamwambia pole, kama tulivyolelewa. Mwambieni mara mbili. Msimkumbatie asipowakumbatia, msimwulize kama amelia, na atakayekosa neno amletee chai, imeshapikwa, iko ukumbini.

Nawe Mwakio, shemeji yetu, mlinzi wetu, zamu yako imekwisha, ondoka hapo dirishani, nenda ukapumzike kwa amani. Peninah bado yuko ndani. Tutakaa naye sisi hapa nje, pole pole.